Kaa Kwanza, Ndege Utawaona: Mwongozo wa Siku Moja Katika Bustani ya Wanyama ya Entebbe

Safari yangu ya mwisho ya Entebbe nilikwenda na mama yangu na watoto watatu. Magoti ya mama hayamruhusu tena mwendo mrefu, kwa hiyo tulipofika kwenye benchi la kwanza lenye kivuli alituambia tuendelee, yeye atatungoja hapo. Tukaenda. Tukamwona simba amelala, tukawaona sokwe na faru, tukarudi baada ya saa moja na nusu tukiwa na kiu. Watoto wakaanza kumsimulia bibi yao, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Aliwasikiliza hadi wakamaliza, kisha akawauliza, "Na yule ndege wa zambarau, mwenye kwapa jekundu, mmemwona?"

Hakuna aliyemwona. Alikuwa kwenye mti ulio juu ya benchi lile lile. Tulipita chini yake tukienda, tukapita tena tukirudi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayepanga kwenda Entebbe, na nataka urudi nyumbani na hesabu ya mama kuliko yetu. Katika bustani nyingi za wanyama ndege hupitwa, na kwa miaka mingi nilidhani sababu ni kwamba watu hawawapendi. Siku hizi naona sababu nyingine. Mbele ya simba kuna uwanja mpana, kuna kivuli na mahali pa kuegemea. Mbele ya ndege mara nyingi kuna njia nyembamba tu ya kupita, na mtu asiyekuwa na mahali pa kusimama hawezi kumtazama kiumbe anayehitaji dakika kumi ndipo aonekane. Ukitaka kuwaona ndege, basi, anza kwa kutafuta mahali pa kukaa.

Ijue bustani kabla ya kufika

Bustani ya wanyama ya Entebbe ilianza mwaka 1952, wakati wa ukoloni, ikiwa mahali pa kutunzia wanyama waliookotwa wakiwa yatima au wamejeruhiwa. Leo ni kituo cha elimu ya uhifadhi wa wanyamapori, na kazi ya kupokea wanyama waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara haramu bado inaendelea. Lijue hilo mapema, kwa sababu litabadilisha namna utakavyomtazama kasuku ukifika kwake.

Iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa, kiasi cha kilomita 40 kutoka Kampala. Jirani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898. Ziwa, miti mikubwa ya asili na bustani mbili zilizo karibu vimefanya eneo zima liwe makazi mazuri ya ndege. Ndiyo maana utakuta makundi mawili: ndege wanaotunzwa ndani ya uzio, na ndege huru wanaojijia wenyewe kutoka ziwani na mitini. Kundi la pili halina vibao vya majina, na ndilo linalopitwa zaidi.

Kama unatoka Tanzania kwa barabara, njia ya kawaida ni Bukoba, mpaka wa Mutukula, Masaka, kisha Kampala. Wanaotoka Kenya huingilia Busia au Malaba. Beba hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Viingilio na saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka, na uliza pia kama kuna bei tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki.

Panga siku yako kufuata jua

Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni. Ndege wengi huchangamka saa chache za mwanzo na saa mbili za mwisho za mchana. Saa sita jua liko utosini, ndege wamejificha kwenye majani, na rangi zao zimepauka.

Kwa hiyo fika mara lango linapofunguliwa, uanze na ndege. Simba na sokwe wataendelea kuwapo mchana, na mabasi ya shule yakishaingia utakuwa umekwisha kuvuna asubuhi yako. Saa sita hadi saa nane ni muda wa kula na kupumzika. Kuanzia saa tisa na nusu rudi tena kwa wale uliowapenda. Mwanga wa jioni ni wa dhahabu, na ndege aliyekuwa wa kijivu asubuhi anaweza kukuonyesha rangi usiyoitarajia.

Miezi ya mvua nyingi ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Usiiogope. Baada ya mvua ndege hutoka kujikausha, hutandaza mbawa na kujichambua manyoya mahali palipo wazi. Beba mwavuli, kaa chini ya paa mpaka mvua ipungue, kisha uwe wa kwanza kutoka. Epuka sikukuu kubwa kama Krismasi na Idi ikiwa lengo lako ni ndege. Siku hizo familia hujaa, na si haki kuwadai watu wanaosherehekea wakae kimya.

Chagua vituo vitatu vya kukaa

Langoni omba ramani, au mwombe mhudumu akuonyeshe mambo matatu: mabanda ya ndege yako wapi, mabenchi yenye kivuli yako wapi, na njia ipi inashuka hadi ziwani. Kisha chagua vituo vitatu tu.

Kituo cha kwanza kiwe karibu na mabanda ya ndege. Benchi likikosekana, tafuta ukuta mfupi au shina la mti, au beba kigoda cha kukunja. Keti umbali wa hatua chache kutoka kwenye waya. Dakika tano za kwanza hutaona kitu, kwa sababu ndege wamekusikia ukija na wamenyamaza. Dakika ya sita au ya saba mmoja atasogea. Dakika ya kumi watakuwa wamekusahau, na hapo ndipo watakapoanza kuishi maisha yao mbele yako.

Kituo cha pili kiwe chini ya mti mkubwa wenye matunda, mkuyu ukipatikana. Mti wa aina hiyo ni hoteli ya ndege huru. Tazama chini kwanza: ukiona matunda yaliyodonolewa yametapakaa, jua juu kuna walaji. Kaa, inua macho polepole, fuatilia tawi linalotikisika wakati upepo haupo.

Kituo cha tatu kiwe ukingoni mwa ziwa. Hapo kuna upepo, kuna mahali pa kupumzika, na watu wengi hukaa wakitazama simu zao. Geuza kiti chako kiangalie majani ya ukingoni na matawi yaliyoinamia maji.

Kama umefuatana na mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, uliza mapema njia zipi ni tambarare na vyoo viko wapi. Mpe mgeni wako benchi zuri kuliko yote, umwachie na darubini. Usidhani umemwacha nyuma. Mama yangu alikaa mahali pamoja akaona kuliko sisi wanne tuliozunguka.

Jua liwe mgongoni mwako

Hili ndilo jambo moja la kitaalamu ninalotaka ulikariri. Rangi ya ndege haitoki mahali pamoja, na ukijua inatoka wapi utajua usimame wapi.

Kuna rangi inayotokana na chembe zilizo ndani ya unyoya wenyewe. Nyekundu na njano nyingi huletwa na chakula: matunda, wadudu, mimea ya majini. Rangi hizi huonekana vizuri ukisimama upande wowote, hata chini ya wingu.

Kuna rangi inayotokana na umbo la unyoya. Ndege karibu wote wenye buluu hawana chembe ya buluu mwilini. Unyoya wao umejengwa kwa tabaka na vishimo vidogo mno, na mwanga ukigonga hapo hurudi ukiwa buluu. Kwezi wanaong'aa na chozi wanaonyonya maua wana rangi za namna hii zinazobadilika kila wanapogeuka. Ukiwatazama jua likiwa mbele yako utawaona weusi tu. Zunguka jua liwe nyuma yako, na ndege yule yule atawaka. Watu wengi humpita ndege mzuri kwa sababu tu wamesimama upande usiofaa, kumbe walihitaji hatua sita kwenda kulia.

Na kuna rangi ya tatu, adimu kuliko zote, ya shorobo. Nitaieleza nikimfikia.

Ndege wa kuwatafuta ndani ya uzio

*Korongo mwenye taji.* Waganda humwita ngaali. Yumo katika bendera ya Uganda tangu uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, amesimama kwa mguu mmoja, na kwa sababu watu wamemzoea kwenye bendera humpa dakika moja tu akiwa hai. Mpe kumi na tano. Anakaribia urefu wa mita moja, na kichwani ana shada la nyuzi za dhahabu. Shavu lake ni jeupe lenye doa jekundu, na kidevuni ananing'iniza kipande cha ngozi nyekundu. Mtazame anavyokanyaga nyasi kwa kishindo ili kuwafukuza wadudu wajitokeze. Ukibahatika utaona ngoma yao: wanainama, wanafungua mbawa, wanaruka juu na kutua wakitazamana. Jioni angalia wapi anapokwenda kulala. Katika jamii nzima ya makorongo ya namna hii, wenye taji peke yao ndio wanaoweza kutua mtini, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na hukamata tawi. Tangu mwaka 2012 wamewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Mabwawa wanamotagia yanakaushwa kuwa mashamba, na wengine hukamatwa kuuzwa.

*Korongo nyangumi.* Huyu ana rangi moja tu, kijivu chenye kivuli cha buluu, na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Yeye hapitwi kwa kutojulikana. Hupitwa kwa sababu hasogei. Mgeni humtazama, humdhani sanamu, huondoka. Kumbe kusimama ndiyo kazi yake. Porini husimama hivyo kwenye matete kwa muda mrefu akimvizia kamongo, kisha huanguka juu yake kwa mwili mzima. Kaa naye mpaka apepese jicho, maana jicho lake pana la rangi hafifu ndilo linalokuonyesha kwamba anakutazama pia. Waliozoea watu huinamisha kichwa na kugonganisha mdomo kwa sauti ya ngoma. Ukiinamisha chako taratibu, huenda akakujibu. Ukitaka kumwona porini, bwawa la Mabamba liko magharibi ya Entebbe, na huendewa kwa mtumbwi. Wavuvi wa huko walikuwa wakimwona ni mkosi wa kukosa samaki. Leo baadhi yao hupata riziki kwa kuwapeleka wageni kumtazama. Anaishi Tanzania pia, katika mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi.

*Kasuku wa kijivu.* Watu husimama kwake ili kumfundisha kusema. Nakuomba usifanye hivyo. Kasuku wengi waliofika katika vituo vya namna hii walipita mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo, wakasafirishwa wakiwa wamebanana gizani. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi za dunia zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaokamatwa porini, na marufuku ikaanza kazi mwaka 2017. Mtazame bila kumpigia mluzi. Ona ukingo mweupe wa kila unyoya wa kifuani, kama magamba ya samaki, kisha mkia mwekundu unaokatisha kijivu chote. Halafu sikiliza juu ya miti. Entebbe bado ina kasuku wanaoruka huru, na wakipita angani utawajua kwa miluzi yao na mbawa zinazopiga haraka. Kuwaona waliofungiwa na walio huru katika asubuhi moja kunafundisha kuliko kibao chochote.

*Shorobo.* Ndiye ndege wa mama yangu. Kuna shorobo wa aina nyingi, na wawili wa kuwatafuta Entebbe unaweza kuwakuta hata nje ya uzio, mitini. Wa kwanza ni wa zambarau iliyokolea, mwenye mdomo wa njano na kishungi chekundu. Akiwa ametulia anaonekana mweusi kivulini. Akiruka, mbawa zinafunguka na wekundu unamwagika. Wekundu huo una shaba ndani yake. Mwaka 1869 mwanakemia Mwingereza Arthur Herbert Church alieleza kwamba chembe za rangi hiyo zina madini ya shaba, na mpaka leo rangi hiyo inajulikana kwa jamii ya shorobo peke yake. Jamii hiyo pia ina spishi zenye kijani cha kweli, kilicho ndani ya unyoya, ilhali kijani cha ndege wengine wengi ni buluu ya mwanga iliyochanganyika na njano.

Wa pili ni mkubwa kuliko shorobo wote, mwenye urefu wa sentimita 70 na zaidi, wa buluu ya kijivu, kishungi cheusi, na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu. Hana wekundu mbawani. Haruki vizuri, hukimbia juu ya matawi kama kima, kisha huruka kutoka mti hadi mti kwa kuteleza hewani. Ukisikia mtikisiko wa matawi ukadhani ni nyani, tazama mara mbili.

Ndege huru wasio na vibao

Sasa inua macho juu ya uzio.

*Hondohondo* weusi na weupe, wenye pembe kubwa juu ya mdomo, utawasikia kabla ya kuwaona. Mbawa zao huvuma kama mtu anayepiga pasi nguo nzito kwa haraka. Hewa hupita kati ya manyoya yao makubwa kwa sababu chini hayakufunikwa na manyoya madogo. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, akiacha ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo mpaka makinda wakue. Ukimwona dume anarudi mara kwa mara kwenye shina moja akiwa na tunda mdomoni, umeona familia nzima.

*Kwera*, wale ndege wa njano wasukaji, huning'iniza viota vyao kwenye mitende na matawi yaliyo juu ya maji. Watu hupita chini yao wakilalamikia kelele. Kaa. Dume anasuka kwa mdomo, anafunga fundo kwa jani bichi, kisha ananing'inia mlangoni akipiga mbawa kumwita jike. Jike huja, hukagua, na asipopenda huondoka. Kiota kisichopata mwenyewe kikikauka rangi, dume hukifumua akaanza upya. Hakuna mchezo wa kuigiza wa bure ulio bora kuliko huu, na watoto huuelewa mara moja.

*Mdiria* mdogo wa ukingoni ana urefu wa sentimita 13 hivi, mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Hukaa kwenye tete moja karibu na maji. Macho yako yatatafuta ndege mkubwa. Yashushe yatafute nukta ya buluu.

*Kwarara* wa kijivu, yule anayepiga kelele asubuhi na kuchokoa nyasi kwa mdomo mrefu uliopinda, ndiye mtihani wangu kwa kila ninayemwongoza. Kila mtu humwona na hakuna anayemtazama. Jua likiwa mgongoni mwako, ngoja ageuke ubavu. Begani ana kiraka kinachong'aa kijani na zambarau kama mafuta juu ya maji. Ukishamwona hivyo mara moja, hutamwita tena ndege wa kijivu.

Ukienda na watoto

Mtoto hapendi kuambiwa atulie. Mpe kazi. Kabla ya kuondoka nyumbani chora miraba saba kwenye karatasi, kila mmoja rangi yake: nyekundu, njano, kijani, buluu, zambarau, chungwa, nyeupe. Kanuni ni moja: rangi lazima iwe juu ya ndege, na mtoto aseme iko sehemu gani ya mwili, mguuni, machoni au chini ya mkia. Mkono wake utaandika, macho yake yatajifunza. Wanangu walianza kwa kushindana nani atamaliza mapema. Baada ya muda walikuwa wakibishana kwa kunong'ona kama jicho la korongo nyangumi ni la njano au la kijivu.

Baada ya dakika ishirini za kukaa waachie wakakimbie kwenye viwanja vya michezo, kisha muhamie kituo kinachofuata. Usichanganye mambo hayo mawili mahali pamoja. Kelele za mchezo ni haki ya watoto, na utulivu ni haki ya ndege. Kila kimoja kina uwanja wake.

Kupiga picha kupitia waya

Simu inatosha. Subiri ndege awe mbali na waya na wewe uwe karibu nao, kisha weka kamera mbele ya tundu moja la waya bila kuingiza kidole wala simu ndani. Waya utapotea kwenye picha. Gusa ndege kwenye kioo cha simu ili simu isipige waya badala yake. Chagua sehemu ya waya iliyo kivulini, kwa kuwa waya unaomulikwa na jua hufanya ukungu mweupe. Zima mwanga wa kamera. Piga picha tatu, kisha weka simu mfukoni na utazame kwa macho yako, kwa sababu rangi zinazobadilika kwa kugeuka haziingii kwenye picha moja.

Darubini ikipatikana, ya ukubwa wa 8x42 inafaa. Usiione kuwa ni ya mbali tu. Ielekeze kwa ndege aliye hatua kumi na utaona ukope.

Adabu inayolinda ndege na watu

Usigonge waya wala kioo. Usirushe mkate, karanga wala bisi. Chakula chao kimepimwa, na kile unachotupa kwa wema kinaweza kuwaua. Usiokote unyoya kuupeleka nyumbani. Usicheze muziki wa simu. Ukiwa mbele kwenye reli, kaa kwa dakika zako kisha mpishe mwenzako, na watoto wafupi wawe mbele daima.

Nawa mikono ukitoka kwenye mabanda ya ndege. Kama unafuga kuku, safisha viatu kabla ya kuingia bandani kwako. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa Lutembe, ghuba iliyo karibu na Entebbe, na mafua ya ndege yakathibitishwa. Ukimwona ndege mgonjwa au aliyekufa, usimguse, mwambie mhudumu.

Na jambo la mwisho ni la wewe kufanya ukitoka. Andika kwenye kitabu cha maoni ulikaa wapi na uliona nini. Kama mahali ulipowaona ndege hapakuwa na benchi, liombe. Wasimamizi wa bustani yoyote hujua watu wanapenda nini kwa kuangalia wanakosimama, na palipo na njia nyembamba tu hakuna atakayesimama. Benchi moja la mbao chini ya mti mmoja linaweza kumpa kasuku na shorobo watazamaji ambao hakuna bango lingewaletea. Mtu aliyemtazama ndege kwa nusu saa hatakubali kirahisi kumnunua akiwa kwenye tundu sokoni.

Kama una saa moja tu

Usijaribu kuzunguka bustani yote. Dakika ishirini mpe korongo mwenye taji. Dakika kumi mpe korongo nyangumi, ukimngoja apepese. Dakika thelathini zilizobaki kaa chini ya mti wenye matunda, jua likiwa mgongoni.

Sisi siku ile tulikuwa na saa mbili zaidi. Watoto walikataa kwenda kula. Waliketi chini, mbele ya miguu ya bibi yao, nyuso juu, na wa mwisho kuzaliwa akiwa amelala chali kwenye nyasi. Mama hakuonyesha kidole. Aliwaambia tu, "Tulieni, hajaenda mbali." Kulipokaribia saa kumi tawi lilitikisika bila upepo, mbawa zikafunguka, na watoto watatu wakavuta pumzi kwa pamoja.